Kuvuka Kilwa Kisiwani na watoto wadogo wakati wa kusi: mwongozo kamili

Watu wakipanga kwenda Kisiwani swali la kwanza huwa tunaondoka saa ngapi. Kama una mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne hilo liweke pembeni kwanza, anza na la kurudi: wakati wa kurudi maji yatakuwa wapi na upepo utakuwa umefikia wapi? Ukishapata jibu la hapo mengine yote yanajipanga, saa ya kutoka, vya kubeba, magofu ya kuyaona na ya kuyaacha, maana mtoto wa miaka miwili asubuhi ana nguvu za kumkimbiza kila mtu gatini lakini saa saba mchana akiwa na njaa, usingizi na chumvi machoni ni mtu mwingine kabisa, na bado una boti mbele yako.

Kwa wasiopajua, Kilwa Kisiwani ipo mkoa wa Lindi na unavukia Kilwa Masoko. Iwe unatoka Lindi mjini au Dar unakata kona Nangurukuru, halafu kama kilomita 30 hivi hadi Masoko. Maji ya kuvuka ni kama kilomita 2 tu, ukisimama gatini unaliona Gereza, ile ngome ya zamani, ng'ambo ile pale. Ni karibu, ndio maana watu wanapachukulia poa. Kisiwa kiliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981 pamoja na kisiwa jirani cha Songo Mnara kwa hiyo siyo pa kutandika mkeka tu na kuondoka, kuna kibali na kuna muongozaji, tutafika huko.

Chagua tarehe kwa mwezi, siyo kwa wikiendi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi na ndiyo yenye faida kuliko zote. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, hilo mtu wa pwani analijua. Ila mzazi anayetoka bara hajui kwamba huku kwetu bamvua ina saa zake. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakauka kabisa kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni, na tofauti ya kina inapita mita 3. Siku za maji mafu ni kinyume chake, yanajaa kwenye saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni, tena hata yakipwa hayaendi mbali.

Sasa piga picha. Umekuja na familia siku ya bamvua, mmevuka saa tatu na nusu asubuhi, mnafika maji yako chini kabisa, boti inasimama mbali na ufukwe na mnaambiwa shukeni hapo. Unashuka maji ya magoti, mtoto mmoja begani, mwingine analia anataka na yeye abebwe, begi kichwani, chini kuna mawe na tope. Halafu jioni maji yamejaa vizuri lakini kusi, yaani upepo wa kusini, nalo limeshapanda. Yaani umepata ubaya wa pande zote mbili.

Siku ya maji mafu mambo yanakwenda hivi: mnavuka saa mbili asubuhi maji yanapanda, boti inafika karibu, mnashuka bila kulowa sana, mnatembea, mnakula, saa sita au saa sita na nusu mnarudi na maji bado yapo juu na upepo wa mchana haujakaza sawasawa. Kwa hiyo kama una uhuru wa kuchagua, chagua maji mafu. Hesabu rahisi ni ya mwezi mwandamo: bamvua ni kama tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17, maji mafu ni kama tarehe 8 mpaka 10 na 22 mpaka 24. Mwenye kalenda ya kiislamu ukutani anayo tayari jedwali lake, asiyenayo aangalie programu ya maji kupwa na kujaa kwenye simu, tafuta Kilwa Masoko au iliyo jirani. Angalizo moja tu, simu itakuandikia 10:00, hiyo ni saa nne, nimeshasikia watu wakibishana na nahodha kwa sababu hiyo hiyo.

Ukishapata tarehe, siku mbili kabla bado muulize mtu wa pale. Nenda gatini au piga simu kwa anayekuvusha, "Shikamoo mzee, Jumamosi maji yanakauka saa ngapi?" na atakujibu bila kuangalia popote, "Marahaba mwanangu, Jumamosi njoo mapema, yakifika saa tano yanaanza kutoka." Jibu lake na la simu yakitofautiana, shika la mzee.

Halafu upepo

Kusi linaanza kama Aprili na kuendelea mpaka Oktoba hivi, linakuwa kali zaidi Juni, Julai na Agosti. Na likizo ya shule ya katikati ya mwaka inaangukia humo humo, ndio maana familia nyingi zinakutana na upepo bila kutaka. Kaskazi linavuma kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, joto lake ni la kuchosha watoto kivingine. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, bahari imetulia, na kwa maoni yangu mwezi wa kumi mwishoni ndio mzuri kuliko wote kwa watoto, ila wa shule wanakuwa darasani. Masika mimi siipendekezi kabisa, hata barabara yenyewe ya kutoka Dar inaweza kukuangusha, Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya ilikatika pale Somanga watu wakakwama pande zote.

Kusi lina tabia yake. Alfajiri na asubuhi huwa limetulia, jua likipanda na lenyewe linapanda, mchana na alasiri ndio linakuwa na nguvu. Kwa hiyo ule mpango wa kurudi saa kumi jioni "jua likipungua" kwenye kusi ni mpango mbaya, utaondoka na jua dogo na mawimbi makubwa. Na kitu kingine, upepo ukipingana na mkondo wa maji, mawimbi yanakuwa mafupi mafupi na yenye ncha, boti inaruka, maji yanaingia. Umbali ni ule ule, safari siyo ile ile.

Usiku wa kuamkia safari angalia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Wana daraja tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Wakisema pwani ya Lindi na Mtwara kuna upepo mkali unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, wewe mwenye mtoto usitafute tafsiri, ahirisha. Wavuvi watavuka na watarudi, wao hawana pampasi begini.

Kibali, pesa na muongozaji

Hapa haraka tu. Kabla ya kuvuka unapita ofisini Kilwa Masoko, siku hizi magofu yanasimamiwa na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), mnalipa kiingilio, mnapewa muongozaji. Fanya hivyo siku moja kabla, jioni, ukiwa peke yako, kwa sababu kusubiri kontroo namba asubuhi na mtoto aliyeamshwa saa kumi na moja ni kula ile ile saa yako moja nzuri ya maji na utulivu. Bei ulizia pale pale, zinatofautiana kwa Mtanzania na mgeni na kwa umri. Beba na pesa taslimu ndogo ndogo, kule ng'ambo utanunua madafu na hutaki kumpa mama wa watu noti ya elfu kumi kwa dafu mbili.

Mwambie muongozaji mapema kabisa kwamba mna watoto wadogo na mnataka mzunguko mfupi. Wengi ni wazuri na wana historia kichwani lakini wamezoea watu wazima, ukinyamaza atakuzungusha kisiwa kizima.

Boti

Boti ya injini, siyo ya tanga, hata kama ya tanga ni nzuri kwa picha na ni rahisi. Siyo kwamba jahazi ni hatari, ila linategemea upepo na mtoto hawezi kusubiri upepo ugeuke. Kabla ya kupanda angalia: watu wangapi wanaingia, kuna kata ya kuchotea maji, kuna kasia, mafuta yanatosha kwenda na kurudi. Uliza na laifu jaketi. Za watu wazima utazikuta, za watoto wadogo ndio shida, na jaketi kubwa kwa mtoto mdogo halimsaidii, linapanda juu usoni na yeye anatokea chini. Nunua la saizi yake mapema, Dar yapo, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, mjaribishe nyumbani, mnyanyue kwa mabega ya jaketi uone kama anachomoka.

Jambo ambalo akina mama hatulipendi kulisikia: kwenye boti mbeleko fungua. Najua mtoto mgongoni ametulia na mikono yako iko huru, lakini boti ikipinduka umefungwa naye, wewe huwezi kuogelea vizuri na yeye kichwa chake kiko chini ya maji. Mvalishe jaketi lake, mpakate, mshike. Mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, hii hesabu haina mjadala. Mko wawili na watoto watatu? Chukua shangazi, mdogo wako, yeyote mwenye mikono.

Kaeni chini katikati kuelekea nyuma. Omo, yaani mbele ya boti, ndiyo inayopiga mawimbi na kurusha maji, ubao wa pembeni ndio mtoto anaponing'inia kuchezea maji. Tezi na omo marejeo ngamani (tezi ni nyuma, ngama ni tumbo la chombo), na kwa watoto hilo ni maelekezo ya kukaa kabisa. Mtoto mfunike khanga upande unaotoka upepo, siyo kwa sababu ya baridi tu, ni yale matone ya chumvi yakimpiga machoni mara mbili tatu analia mpaka ng'ambo. Simu, nguo kavu na pampasi zote kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri ndani ya begi, au ndoo yenye mfuniko, ndoo ni nzuri zaidi inageuka kiti ukifika.

Usimnyonyeshe au kumshibisha sana dakika hiyo ya kupanda. Uji saa moja kabla, kidogo. Andazi kavu mkononi linatosha.

Vya kubeba, bila kuhamisha nyumba

Maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani mnahitaji, kwa sababu upepo unadanganya: mtoto hasikii joto, hatoki jasho linaloonekana, lakini anakauka na kuungua kama kawaida. Mpe maji kila mnaposimama hata hajaomba. Pakiti mbili tatu za ORS. Kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni, isiyo na kamba utaiaga pale pale. Mwavuli acha nyumbani, kusi litaugeuza nje ndani kwenye dakika ya kwanza. Khanga tatu, hizi ni taulo, kivuli, blanketi, pazia la kubadilishia pampasi na kila kitu. Nguo kavu pea mbili kila mtoto na sweta moja, Juni na Julai asubuhi baharini mtoto aliyelowa anatetemeka kweli. Viatu vinavyofungwa nyuma, ndala zinabaki kwenye tope. Kigari cha mtoto usibebe, njia ni mchanga na mawe. Mfuko wa kurudisha pampasi chafu na takataka zote Masoko, hili tafadhali, usimwachie mtu mwenye kisiwa chake.

Choo usikitegemee, beba na poti ndogo kama ameshaacha pampasi.

Chakula kiwe cha kushika mkono mmoja na kisichopeperuka. Chapati iliyoviringishwa, viazi vya kuchemsha, ndizi, vitumbua, korosho kwa wakubwa tu, mtoto chini ya miaka mitano korosho nzima na karanga zinampalia. Wali na mchuzi kwenye upepo ni kazi ya kulisha mchanga.

Mkishashuka

Mavazi kwanza. Kisiwani kuna watu wanaishi, ni kijiji cha waislamu, magofu yako katikati ya maisha yao na makaburi yapo, kwa hiyo mama jifunge khanga, baba usitembee kifua wazi, salimia wazee, na usipige picha watoto wa watu bila kuuliza. Ukisalimia vizuri utashangaa, watoto wa pale watawachukua wa kwako kucheza na wewe utapumua.

Mzunguko wa kutosha kwa watoto wadogo ni Gereza, halafu Msikiti Mkuu, kisha kula, basi. Gereza ndilo lipo karibu na mnaposhukia, lile ngome Waomani walilijenga kama mwaka 1800 juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya 1505. Watoto wanalipenda kwa sababu lina mlango mkubwa, lina uwanja ndani na kuta zinakata upepo, ni kama kibaraza kikubwa cha kukimbilia. Ila waache wakimbie katikati. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimezeeka, jiwe linaweza kuchomoka, kwa hiyo usitandike mkeka kwenye mguu wa ukuta hata kama ndipo pametulia zaidi, na usimruhusu kupanda. Siyo usalama tu, mahali hapa palikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 mpaka 2014, sehemu ya tatizo ni bahari kula ufukwe na kuta, watu wamehangaika kupanda mikoko na kuweka vizuizi, miguu ya mtoto wako isiwe ya kuongezea.

Kutoka hapo Msikiti Mkuu ni mwendo mfupi, kwa mtoto anayetaka kutembea mwenyewe na kuokota kila konokono weka nusu saa na usimharakishe, hiyo ndiyo safari yake. Msikiti ulianza karne ya 11 na ukapanuliwa karne ya 14, una matao na vikuba juu na nguzo nyingi, na nguzo nyingi kwa mtoto wa miaka mitatu ni kujificha. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji. Muongozaji atakueleza, msikilizeni kwa zamu, mmoja anasikiliza mwingine analinda.

Husuni Kubwa iacheni. Najua inauma, ni jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la pembe nane. Lakini lipo mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya mwinuko unaoangalia bahari, hapana uzio, bwawa lenyewe ni shimo kwa mtoto, na pale juu upepo ndio unapiga haswa. Mtaenda wakifika miaka sita saba. Kama mtu mzima mmoja anaitaka sana aende peke yake na muongozaji wakati watoto wamelala, huo ni mgawanyo wa haki.

Kula na kulala kwenye upepo

Kusi linatoka kusini kwa hiyo upande wa kaskazini wa kisiwa, huu huu mnaoshukia, ndio wenye kivuli cha upepo. Tafuta mwembe au mbuyu. Mnazi hapana, hata kama kivuli chake kizuri, upepo ukivuma nazi na makuti yanashuka bila hodi. Khanga moja ifungeni kati ya mti na ile ndoo iwe ukuta upande wa upepo, ifungwe chini kabisa, kwa sababu mchanga unasafiri chini siyo juu. Mtoto mlaze kichwa kielekee mbali na upepo.

Mchanga ukimwingia jichoni usimpulize na usimfikiche. Maji safi ya kunywa, mimina taratibu kutoka kona ya ndani kwenda nje, mwache apepese.

Wakitaka kuchezea maji wacheze mita chache zenye mchanga mweupe unaouona chini, siyo kwenye mikoko na siyo kwenye mawe, kuna wale wanyama wa bahari wa miiba mirefu myeusi na kuna chaza zinazokata kama wembe.

Kurudi

Saa ya kurudi mliyokubaliana na nahodha ni yake, siyo yenu. Akisema tuondoke sasa ondokeni hata kama hamjamaliza chapati. Na akisema tusubiri, subirini. Kosa kubwa ninaloliona ni mgeni kumshinikiza nahodha kwa sababu ana basi la kuwahi, na yeye kwa heshima ya pesa anakubali. Usikate tiketi ya kurudi Dar au Lindi siku hiyo hiyo, lala Masoko. Na ndio maana begini unabakiza mlo mmoja zaidi, pampasi mbili zaidi, chaji ya simu na dawa kama mtoto ana anayotumia, mkikwama kisiwani mpaka jioni iwe ni kuchelewa tu, isiwe balaa.

Mkifika Masoko osha chumvi kwa maji baridi, mapajani hasa, chumvi na pampasi zinachubua usiku mzima. Neti usisahau, malaria ya pwani ya kusini haina mchezo, na mtoto akipata homa siku yoyote baada ya hapo mpeleke akapimwe. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, ipo Kilwa Kivinje.

Upepo ukikataa

Msilazimishe, bakini bara. Tena hapa ile siku ya bamvua niliyoiponda ndiyo inakuwa na thamani yake: ufukwe wa Jimbizi pale Masoko maji yakikauka saa nne asubuhi yanaacha uwanja mpana na vidimbwi vya maji ya vuguvugu, kaa wanakimbia, samaki wadogo wamo, mtoto anakaa humo masaa. Ila angalia saa. Maji yakianza kurudi hayaji mbele tu, yanapita kwanza kwenye vijifereji na kukuzunguka nyuma, na yanakimbia zaidi kwenye saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa. Ingia yakiwa bado yanatoka, na yakigeuka tu, rudi ufukweni na watoto wote, usingoje uyaone miguuni.

Mchana mkiwa bado na nguvu pandeni gari hadi Kilwa Kivinje, mji wa zamani wenye majumba ya kiarabu na boma la Mjerumani, bahari yake inapwa mbali mpaka majahazi yanakaa ubavu kwenye tope, watoto wataangalia hayo bure. Samaki wa kukaanga mle kule kule, na Kisiwani mtavuka kesho yake asubuhi kama nahodha atasema kumetulia.